Huduma Isiyo na Shahidi

Jumatatu, 3 Machi

Ewe uliyelishika daftari hili, nakusihi, lifunge. Kama umeshalifungua, basi soma kimya, hata midomo usiichezeshe. Usimwambie mtu neno lolote. Hasa usimwambie Mkuu wa masjala. Yeye ni bosi wangu, na pia ni mzee wa kanisa letu. Wiki nzima ananiona kazini, Jumapili ananiona ibadani. Sina pa kujificha.

Mambo ni haya. Mimi ni karani wa muda. Mkataba wangu unaisha Ijumaa ya wiki ijayo. Nafasi ya kudumu ni moja, nasi tuko wawili: mimi na Dada Haidhuru. Jina hilo tulimpa kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila jambo. Ukimkanyaga, haidhuru. Ukimnywea chai yake, haidhuru. Mpinzani wa namna hiyo anatisha sana.

Lakini jana mhubiri alisema kwamba anayetaka kuwa mkubwa sharti awe mtumishi wa wote. Niliyaandika maneno hayo kiganjani, nikatazama upande wa Mkuu. Alikuwa akiitikia kwa kichwa! Kumbe njia ipo. Miaka yote hii nahangaika na vyeti, kumbe cheo kinataka ndoo na tambara tu. Nimekata shauri. Nitatumikia mpaka wanipandishe.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kwanza ya utumishi. Nilikimbia kumfungulia Mkuu mlango nikidhani anaingia. Alikuwa anatoka. Tukagongana vipaji vya uso. Akaniomba radhi yeye, jambo lililozidi kunitia hofu.

Saa nne nikawaandalia chai wafanyakazi wote. Nilisimama koridoni na sinia, nikingoja kwanza nisikie viatu vya Mkuu. Dakika arobaini! Mikono ikafa ganzi. Viatu vilipotokea, chai ilikuwa ya baridi kama maji ya mtungi. Katibu muhtasi alionja, akauliza eti leo tunakunywa chai au tunasukutua.

Nimegundua kwamba adui wa huduma ni kazi. Nina rafu nne za majalada, na nusu yake yako sakafuni. Nitatumikia saa ngapi? Nikamwendea Dada Haidhuru, nikamwambia nimeitwa kwenye utumishi, hivyo anipangie rafu zangu. Akauliza utumishi wa nani. Nikasema wa wote. Akacheka, akasema kama ni wa wote basi na yeye yumo, haidhuru, mdogo wangu. Akapiga magoti palepale akaanza kuokota majalada. Maskini! Anajichimbia kaburi huku anacheka.

Jioni Mama aliniomba nikaze bawaba ya mlango wa jikoni. Nikamweleza kwamba jikoni hakuna anayeona. Mama akasema yeye anaona. Nikamfafanulia, kwa heshima zote, kwamba ushahidi wa mzazi hautiliwi maanani. Mama akaunyanyua mlango kwa mikono miwili, akaufunga.

Jumamosi, 8 Machi

Aibu! Lakini nitaandika.

Leo ilikuwa siku ya usafi kanisani. Nilifika mapema na ndoo mpya na tambara jipya. Nikakunja mikono ya shati mara tatu, nikasimama getini kungoja gari la Mkuu. Kina mama walikuwa wameshaosha nusu ya viti. Mmoja akaniuliza kama nimekuja kulinda geti. Nikamwambia kila mtu na karama yake.

Saa nzima ikapita. Gari halikuonekana. Nikaona angalau ndoo yangu iwe na maji, lakini bomba liko nyuma, nami siwezi kuacha geti. Kule vyooni palikuwa na mzee mmoja wa mabuti na kofia iliyochakaa, ameinama anasugua sakafu. Nikapaza sauti: we mzee wa vyoo, hebu niletee maji hapa, na usiyamwage njiani!

Akaitika haya, bwana. Akaleta. Akaitua ndoo taratibu, bila kumwaga hata tone. Kisha akavua kofia ajifute jasho.

Mkuu!

Alikuja kwa miguu tangu alfajiri. Shikamoo yangu ilitoka nikiwa tayari nimepiga magoti kwenye matope. Akasema marahaba, kijana wangu, akauliza kama maji yanatosha au aongeze. Nikasema yanatosha kabisa. Akaenda akaleta ndoo ya pili. Kina mama waliangua kicheko mpaka mmoja akakalia kiti chenye povu.

Baada ya hapo niliosha viti sitini bila kuinua uso. Viwili vilikuwa safi tangu mwanzo.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi Mkuu alikuja masjala na mwalimu mmoja mstaafu. Mzee wa watu alisafiri jana kutwa kutafuta jalada lake, na basi la kurudi linaondoka saa sita. Mkuu akasema herufi za jina lake ziko kwenye rafu zangu, kwa hiyo nimsaidie.

Nafasi ya dhahabu! Mkuu mwenyewe shahidi! Nikarukia rafu.

Salaale! Sikuzitambua. Zimepangwa zikapangika, kila jalada na kikaratasi chake: cha kijani, chekundu, cha njano. Maana yake nini? Wiki nzima sikuwa nimezigusa. Ili nisionekane nimesimama, nikapanda ngazi. Nikapanda mpaka juu kabisa. Huko juu nikakumbuka kwamba naogopa ngazi. Nikakumbatia rafu. Mwalimu akauliza kama kijana anasali. Mkuu akasema anadhani hivyo.

Dada Haidhuru akaingia, akashika kikaratasi cha kijani, akachomoa jalada. Nusu dakika! Mwalimu alilipokea kwa mikono miwili, macho yamemlengalenga. Akamwita binti yangu mara tatu.

Mkuu akauliza nani amezipanga rafu hizi. Nikafumba macho. Mkataba wangu niliuona unaruka dirishani. Dada Haidhuru akasema ni yeye, kijana alimwomba msaada naye alifurahi kusaidia. Basi. Hakuongeza chumvi wala hakupunguza. Kisha akanishikia ngazi nishuke, akinielekeza pa kuweka kila mguu.

Ijumaa, 14 Machi

Barua zimetoka. Nafasi ya kudumu amepewa Dada Haidhuru.

Nilianza kufungasha kalamu zangu. Mkuu akaniita. Akasema Dada Haidhuru amekubali nafasi ile, lakini ameomba msaidizi, na amenitaja mimi. Mkataba wa miezi sita! Nikauliza kama sikusikia vibaya. Mkuu akacheka, akasema niende nikajifunze kwake.

Nilimshukuru Dada huku nalia. Akasema haidhuru, nisilowanishe majalada tu. Nyumbani Mama alipiga vigelegele, akacheza akiwa ameushika mlango wa jikoni usianguke. Furaha ilioje!

Jumamosi, 15 Machi

Nimejifunza, kama Mkuu alivyoagiza. Nimekaa na karatasi nikauchambua ushindi wa Dada Haidhuru, na siri yake nimeipata. Yeye hatafuti shahidi. Anayesaidiwa ndiye shahidi! Yule mwalimu ameshamsifu ofisi nzima, mpaka kwa mlinzi. Mjanja kweli yule dada, na uso wake hauonyeshi hata chembe! Basi kosa langu halikuwa moyo. Kosa langu lilikuwa kusaidia watu wasio na sauti.

Kwa hiyo, ewe uliyeokota daftari hili, ukihitaji kuhudumiwa bila kujibakiza, nitafute. Masjala, dirisha la pili; la kwanza ni la Dada Haidhuru. Usije Jumatano, Mkuu huwa hayupo. Kabla sijakuhudumia, nitakuomba uite jina la mtu aliye mbali, nipime sauti. Ukishahudumiwa, toa shukrani ukiwa umeelekea mlango wa Mkuu wenye pazia la bluu, polepole, na utaje kwamba ni karani mwembamba.

Kama una haraka, nenda dirisha la kwanza.