Kabati la Jumanne Litoke Sebuleni Kwangu

Canterbury,
9 Machi 1971

Ndugu Mhariri,

Natumaini hapo gazetini mmeamka salama. Mimi sijalala, lakini si hoja. Nimesoma historia ya bendi ya Kabati la Jumanne uliyoiandika wiki jana. Ni nzuri, ila umesahau kutaja kwamba bendi hiyo inaishi sebuleni kwangu, na binti yangu Hester, wa miezi minane, hana pa kutambaa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwaka 1966 niliwakubalia vijana wanne wafanye mazoezi kwangu kwa wiki mbili. Walikuwa na adabu. Waliniita shemeji.

2. Wote wameondoka. Mmoja anafuga mbuzi Wales, wa pili anafundisha hesabu, wa tatu aliaga anakwenda kununua maziwa. Wa nne ni mume wangu Clive, aliyeacha ngoma mwaka juzi akisema muziki umepotea njia. Sasa yeye hukaa jikoni akinung'unika, huku watu asiowajua wakipiga sebuleni kwake. Kila anayetoka huacha mwingine mlangoni, kama manesi wa zamu.

3. Wimbo mmoja ni dakika kumi na tisa. Adabu yanizuia kukatiza, na nepi ziko nyuma ya kinanda.

4. Juzi nilimwomba mpiga kinanda, Lionel, waniachie chumba. Akajibu kwa upole, "Bibie, mimi nina wiki tatu tu hapa. Kamwulize mwenye bendi." Nikauliza ni nani huyo. Wakatazamana. Wa saksafoni akasema, "Sisi tulidhani ni wewe."

Nimelitafakari hilo nikinyonyesha. Wa tangu mwanzo nimebaki peke yangu. Funguo ninazo mimi, chai napika mimi, na aliyemwambia wa saksafoni apunguze makelele ni mimi. Basi bendi ni yangu, na mwenye kitu ana haki ya kukivunja. Naomba utangaze Ijumaa kwamba Kabati la Jumanne limefariki. Maua yasiletwe.

Clive anakusalimu, ingawa historia yako hakuipenda. Nisalimie wachapaji wote, na mama yako. Nasikia mguu bado unamsumbua.

Ni mimi, mwenye subira iliyobaki kidogo,
Maureen Pettifer (Bi.)

Tanbihi: Nikiwa natafuta stempu, mpiga besi ameacha bendi. Kile kifo cha bendi usikitangaze kwanza. Mahali pake weka hivi: "Anatakiwa mpiga besi, haraka. Ajue kuhesabu mapigo saba saba bila kuchezesha midomo. Amwone Bi. Pettifer." Tarehe ishirini tunapiga London, na hatujawa tayari hata kidogo. Hester atatambaa jikoni, nitamhamisha Clive.