Keki ya Mwisho Kwenye Sahani ya Shangazi

Jumatatu, 5 Machi 1956
Jambo hili sijamwambia mtu: kitu nikikiogopa, siwezi kutokichungulia. Leo niliogopa tanuri letu la kuchomea vyombo vya udongo. Ndani mna sahani ya Shangazi Alfhild, ya kwanza kuibuni mwenyewe baada ya miaka ya kupaka maua kwenye vikombe vya wabunifu wengine. Alhamisi mkurugenzi wa kiwanda cha vyombo anakofanya kazi anakuja kuiona. Akiikataa, shangazi anarudi kwenye maua. Yuko kitandani na homa. Aliniambia nisiguse mlango mpaka tanuri lipoe. Je, kama imepasuka? Nikafungua kidogo. Baridi ya theluji ikaingia dirishani. Ting.

Jumanne
Ufa katikati, mfupi kama kidole gumba. Nimemwambia shangazi imetoka safi. Alifurahi mpaka akakohoa. Sikula.

Jumatano
Nina mpango. Kwetu hakuna anayechukua kipande cha mwisho, hata mchungaji. Nitapanga keki kwenye sahani, na ile pana kuliko zote niiweke juu ya ufa. Italala hapo salama.

Alhamisi
Mkurugenzi alikuja. Nilimimina kahawa. Keki zikaisha moja moja, ikabaki ile pana. Shangazi akasema Mkurugenzi achukue. Yeye akasema hathubutu, Bi Alfhild achukue. Shangazi akasema labda mtoto. Nikasema nimeshiba. Nikapumua.

Halafu nikakumbuka jambo jingine tunalofanya sote, hata msibani: kugeuza chombo kuona alama ya mtengenezaji chini yake. Mkurugenzi akainyanyua sahani. Keki ikateleza hadi mapajani mwake. Akaigeuza tena, akauona ufa.

“Ikipasuka kwa keki, Bi Alfhild, kwa viazi itakuwaje?”

Shangazi hakuuangalia ufa. Aliniangalia mimi. Akauliza kama tanuri lilikuwa limepoa. Nikasema lilikuwa limepoa kiasi.

Mkurugenzi amempa mpaka Jumatatu atengeneze nyingine.

Jumamosi
Sahani ya pili, ambayo ndiyo nafasi yake ya mwisho, imo tanurini. Shangazi amesema safari hii nikifungua, nitapaka maua mpaka niolewe. Nimeapa. Amekwenda kujilaza.

Tanuri liko kimya. Kimya cha namna hii si cha kawaida. Huenda imeshapasuka na hakuna anayejua. Nimefikiri kwa makini kosa langu la Jumatatu: dirisha lilikuwa wazi.

Nikafunga dirisha, nikavaa glavu, nikafungua mlango wa tanuri.