Vita vya Nati Moja na Kiti Kilichoangusha Wasomi

Sogeeni, enyi wapenda habari, sogeeni na viti vyenu, ila kwanza mvitikise mjue kama vimesimama sawasawa, kwani habari hii ni nzito na sitaki mtu aniangukie katikati.

Palikuwa na ofisi ya bima, ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo; na katika ofisi hiyo palikuwa na kiti. Miguu yake ilikuwa minne: mitatu miaminifu, wa nne haini. Nacho, kwa desturi isiyojulikana ilianzishwa na nani, alipewa mhitimu mpya kuliko wote, akikalie mpaka aje mpya kuliko yeye. Wa kwanza alinyoosha mkono kuchukua kalamu mbele ya mkurugenzi, akaanguka, likawa tendo lake la mwisho pale kazini. Wa pili alikwenda kula mchana, na koti lake lingali msumarini hata leo. Wa tatu hakuaga. Wa nne ndiye shujaa wetu, binti wa shahada ya takwimu, aliyekaa miezi minane kwa ubavu mmoja kama anayesikiliza ya jirani ukutani. Wote walimwita Mpya.

Asubuhi ile mkurugenzi alisimama mlangoni, akanena: "Leo anakuja kijana mwingine. Watatu wametukimbia. Na huyu akikimbia, basi tena! Siajiri watoto wa chuo. Natafuta watu wazima wenye uzoefu wao."

Mpya akashtuka, maana mdogo wake alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuoni.

Mzee wa Madai, simba wa fomu na mihuri, akamsukumia kiti chenye mto. "Hongera, umetoka kifungoni! Kile mwachie mgeni. Ndiyo desturi."

"Mzee wangu, wewe uliwahi kukikalia?"

"Mimi? Nina mke na watoto!"

Mpya akakalia mto. Lo! Kiuno chake kikatoa shukrani zilizolimbikizwa miezi minane. Lakini macho yakamrudia adui, akainuka, akakipindua kile kiti miguu juu, akakihutubia: "Ewe mwangusha wasomi, uliyemvua mtu heshima na mwingine koti! Leo ni mimi na wewe."

Na huko chini, fitina ikafichuka: bolti ilikuwepo, nati haikuwepo.

Akashuka ngazi kama jeshi zima, akamwendea dereva wa ofisi. "Kaka, niazime spana."

"Spana nakupa, dada, nati sina. Na ukinipotezea spana, usirudi na pole, rudi na spana."

Akapanda tena, akiuliza kila meza. Hapo akainua kichwa Shangazi wa Masijala, mlinzi wa mafaili na kisima cha habari, ajuaye nani kaposwa, nani kanuniwa, na kwa nini.

"Nati ya kiti kile? Ninayo." Akafungua kopo lake la pini. "Niliiokota siku ile yule wa kwanza alipoanguka."

Mpya akashika kiuno chake. "Shangazi! Muda wote huo?"

"Kwani nani aliniuliza? Mkija kwangu mnauliza posa tu!"

Mara viatu vikasikika ngazini. Mgeni! Mpya akapiga magoti, akaishika nati. Nati yenye kutu ikagoma. Akazungusha, ikateleza, akazungusha tena, kidole kikachubuka. Ndipo Mzee wa Madai, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiinama, akainama. "Mguu nimeubana. Kaza, mwanangu!"

Akakaza. Nati ikalia mara moja, ikatii.

Kiti kikasimama, na mlango ukafunguka. Kijana mwembamba, shati lingali na mikunjo ya dukani, mkoba kaukumbatia kifuani.

"Karibu," akasema Mpya, akihema. "Kaa."

Akakaa. Akanyoosha mkono kuchukua kalamu. Watu saba wakazuia pumzi. Kiti hakikusema neno.

"Samahani," kijana akauliza, "mbona mnaniangalia hivi?"

"Hatukuangalii wewe," akajibu Shangazi.

Saa saba mchana kijana akatundika koti lake msumarini, juu ya lile la zamani, akaenda kula. Ofisi nzima ikahamia dirishani. Mkurugenzi mwenyewe akajifanya anatazama mvua, na mvua haikuwepo. Saa nane kasoro dakika tano kijana akarudi, akafuta mdomo, akaketi.

Shangwe ikapanda hata wauza vioo wakaogopa kwa ajili ya mali yao.

"Wewe sasa ndiye Mpya," Mzee wa Madai akamtangazia kijana. Kisha akamgeukia shujaa. "Na wewe Fundi, njoo ukae kwenye mto wako."

Na iwe kumbukumbu kwa vizazi vya wahitimu wote: ngome ya ghorofa ya pili ilikombolewa kwa nati moja na kidole kimoja kilichochubuka, na spana ilirudishwa kwa dereva siku ileile.