Daraja la Mama Mkwe

Jumatatu, 12 Mei
Alhamisi mama mkwe anapanda treni kwenda Tabora, ubatizo wa mjukuu wake. Yuko kwenye kiti cha magurudumu tangu mwaka juzi, na mlango wa behewa uko juu kuliko jukwaa la stesheni. Mimi mkwe wake simgusi. Kwetu Wasukuma hilo halina mjadala. Venant, mwanyumba wangu aliyemwoa dada yake mke wangu Sabina, kasema watafutwe wapagazi. Wapagazi, na fundi seremala wa mtaa wa Mirongo nipo? Nitatengeneza daraja la mbao. Venant atanyamaza mwaka mzima.

Jumanne, 13 Mei
Sabina kanishauri nikamwone stesheni masta. Nimwombe mtu kitu ninachoweza kupima mwenyewe? Nimekuta behewa limeegeshwa kando, mbali na jukwaa. Nimepima kutoka chini kwenye kokoto hadi sakafu ya mlango. Nimepiga misumari hadi jioni.

Alhamisi, 15 Mei
Aibu. Naandika nikiwa nimejifungia stoo.

Sabina alimsukuma mama yake hadi juu ya daraja. Kufika, sakafu ya behewa iko chini yao, kina cha goti. Nilisahau kwamba jukwaa nalo lina kimo chake! Mama mkwe akabaki huko juu, abiria wote wanamtazama. Filimbi ikalia. Akaniambia kwa upole kwamba mtoto anabatizwa Jumapili, basi heshima tuiweke kando, nimbebe. Nikatazama viatu vyangu.

Venant akavua koti, akamfunika magoti, akamwomba radhi kwa Kisukuma, akambeba hadi kwenye siti. Stesheni masta akatokea na ubao wa kupandishia, akauliza kwa nini hatukusema mapema. Wote waliniangalia mimi.

Niseme ukweli, maana hapa hasomi mtu. Sikuzuiwa na mila. Niliona haya kukiri kwamba nimekosea.

Ijumaa, 16 Mei
Mama mkwe kafika salama. Kapiga simu, kamshukuru Venant kwa kirefu. Mimi nilimwamkia, akasema marahaba, akaomba apewe Sabina. Kasema atarudi kwa basi. Sabina kaniomba, machozi yakimlenga, nisitengeneze tena kitu chochote. Nimekubali.

Jioni nimefika stendi ya mabasi ya Nyegezi. Basi gani atapanda, hakusema. Nimepima kimo cha mlango wa la kwanza nililoliona.