Msumari wa Koti la Kijani

Jumatatu, 3 Juni

Leo Bwana Msitu katangaza. Jumamosi chama cha watembeaji kinakuja korongoni, makundi mawili. Moja langu, jingine la shemeji, kaka wa mke wangu na mwongoza wageni mwenzangu. Kundi litakalorudi na furaha zaidi, kiongozi wake ndiye atakuwa kiongozi mkuu na kuvaa koti la kijani. Koti lile! Lina mifuko mpaka mgongoni. Nimelitamani tangu nianze kazi hii. Nimeshapigilia msumari karibu na mlango, wageni waanze kuliona koti kabla ya kuniona mimi. Mke wangu kausifu msumari, kasema utafaa kutundikia chungio.

Tukapiga kura za njia. Shemeji kapata ya maporomoko. Mimi ya mgongo wa mlima: upepo, nyasi na mbuzi wa watu. Bahati ni ya wengine.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata dawa ya shemeji, tena nikipiga mswaki. Mvua zilibomoa njia nyingi, kwa hiyo Bwana Msitu kaagiza kwamba mwenye wageni asipite pasipo na kitambaa chekundu. Vitambaa tunavifunga mitini wenyewe. Shemeji ni mtu wa sheria. Akiambiwa afuate kitambaa, atakifuata hata kikiingia kisimani.

Basi nitavihamisha. Pale njia panda, kwenye mkuyu, vitambaa vitaacha njia ya kushoto ya maporomoko na kupinda kulia, moja kwa moja kwenye upupu. Nani atampa koti mtu aliyerudisha wageni wanajikuna?

Alhamisi, 6 Juni

Tayari. Nimeingia korongoni kabla ya wenzangu, ukungu umetanda. Pale mahali ni pazuri hata kwa mtu aliyekwenda kwa nia mbaya. Mawe yameota kijani laini. Mto unaongea peke yake chini ya miti, na mbega wananguruma juu wasikoonekana. Nilikaa kwenye gogo nikala mkate wangu, nikajisikia vizuri mpaka nikasahau kilichonipeleka.

Kisha nikakumbuka. Upupu nimeupita kwa koti la mvua na glavu za mke wangu za kufulia. Kitambaa cha mwisho nimekifunga ukingoni mwa mwamba. Mbele yake sikuona kitu, ukungu mtupu, nikarudi. Mke wangu kauliza glavu ziko wapi. Nimemwambia hata mimi nashangaa.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi, mbele ya wageni wote, shemeji kaomba kusema neno. Kasema amewaza wiki nzima. Anajua napenda maporomoko, maana ndiko nilikomposea dada yake. Kwa hiyo tubadilishane njia, udugu kwanza. Wageni wakapiga makofi. Mwalimu mkuu mstaafu wa kundi langu akafuta machozi. Bwana Msitu akakubali. Mimi nikashukuru kwa sauti ambayo sikuitambua.

Kwenye mkuyu nikapendekeza tupite kushoto, njia naijua tangu utoto. Mwalimu mkuu akauliza kitambaa kiko wapi. Nikasema vitambaa vingine hupotoka kwa upepo. Akanitazama kama nimechelewa mstarini, akasema sheria ni sheria, akatangulia kulia. Wote wakamfuata. Na mimi, kiongozi, nikawa wa nyuma, bila glavu.

Yaliyotokea kwenye upupu sitayaandika. Mkono mmoja unaandika, mwingine una kazi.

Lakini tulipofika kwenye kitambaa changu cha mwisho, ukungu ukafunguka. Korongo zima likawa chini yetu, msitu juu ya msitu. Maporomoko tukayaona kutoka ubavuni, mahali ambapo sijawahi kuyaona maishani mwangu, maji yanashuka meupe mpaka kwenye kivuli. Mbega wakaruka mti kwa mti, mikia ikiwafuata. Mwalimu mkuu akakaa chini. Hata kujikuna tuliacha. Nilifurahi kweli, kama mtu asiye na hatia.

Koti kapewa shemeji. Kundi lake limerudi linaimba, langu limerudi linaomba maji. Bwana Msitu akauliza nani alifunga vitambaa kule. Nikasema mimi, katika kutafuta mandhari mapya. Akaniangalia ninavyojikuna. Kisha akasema vizuri, mwamba ule utaingizwa kwenye ratiba, upupu niufyeke mwenyewe, na kuanzia sasa vitambaa vyote vya korongo viko mikononi mwangu.

Jumapili, 9 Juni

Mke wangu kanipaka dawa mgongoni na kusema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nimemweleza kwamba haukuwa mwiba, ulikuwa upupu. Kaacha kunipaka.

Shemeji kapita kututembelea akiwa na koti. Kanijaribisha. Limenikaa kama nilipimwa. Kasema koti hutolewa upya kila mwaka, nisikate tamaa, na kwamba anafurahi vitambaa viko kwa mtu anayemwamini.

Vitambaa vyote! Furushi zima, liko chini ya kitanda. Upande wa mashariki kuna kinamasi ambacho watu hawakijui vizuri.

Msumari wa mlangoni una chungio. Nimepigilia wa pili.