Hapa Hakuna Aibu

Jumatatu, 3 Machi

Mkurugenzi anastaafu! Ametangaza asubuhi mwishoni mwa kikao, baada ya habari za bomba la choo, kana kwamba mambo hayo mawili yana uzito mmoja. Wauguzi wakalia. Mlinzi akavua kofia. Mimi nilikitazama kiti chake.

Nani mwingine? Mimi ndiye afisa utawala. Funguo zote za kituo ziko kiunoni mwangu, na simu ya ofisi iko juu ya meza yangu. Mpinzani ni mmoja tu: muuguzi mkuu. Humu namwita Kandambili, maana ndizo anazovaa kituo kizima, chapa chapa chapa, hata mbele ya wageni. Wagonjwa wanampenda. Kupendwa si uongozi.

Bodi inakuja Ijumaa kutuangalia, kisha itachagua. Nimewaza mchana kutwa na udhaifu wetu nimeuona: hatuna dhamira. Kituo cha afya ya akili kinachotegemewa na mitaa yote hii, na dhamira yake ni maneno matatu ya Mkurugenzi: mtu akae kwanza. Basi! Anayekuja anakaa kwenye benchi refu la mlangoni. Mfanyakazi anakuja kukaa kando yake, bila faili, bila koti jeupe, bila swali. Wanakaa. Akiwa tayari kusema, atasema. Mkurugenzi mwenyewe hukaa pale kila asubuhi, kimya, kama aliyekwenda kuhani msiba.

Mimi sijawahi kukaa. Nina kazi.

Nitaandika dhamira mpya. Mvumilivu hula mbivu, na mimi nimevumilia vya kutosha.

Jumanne, 4 Machi

Siku ngumu. Jumanne ni siku ya Kaka.

Niliandike hapa, maana kwingine kote silisemi. Mmoja wa wanaokaa kwenye lile benchi ni kaka yangu. Baba mmoja, mama mmoja, masikio yale yale makubwa. Anaishi na Mama. Alianza kuumwa nikiwa bado shule. Kabla ya hapo ndiye aliyekuwa akinivusha mtaro mgongoni kila mvua iliponyesha, nisichafue soksi. Jumanne huja kwenye kikundi, na mara moja kwa mwezi huchomwa sindano yake. Akiipata, anakula, analala, anamtania Mama. Akiikosa, anatuponyoka kidogo kidogo.

Nilipoajiriwa tulikubaliana kwamba ndani ya geti hatujuani. Wazo lilikuwa langu. Alisema sawa, mdogo wangu, akanitengeneza kola ya shati. Tangu hapo, yeye akiingia getini mimi naingia stoo.

Leo nimeandika dhamira humo stoo, kati ya ndoo na mafagio. Kandambili akafungua mlango kutafuta sabuni. Akauliza nafanya nini. Nikamwambia nahesabu mafagio. Akayatazama. Yalikuwa mawili. Akachukua sabuni yake, akarudishia mlango polepole, kama anavyowarudishia wagonjwa waliolala. Sikupenda.

Ijumaa, 7 Machi

Wiki ya kihistoria, na haijaeleweka.

Juzi nilimsomea Mkurugenzi dhamira yangu. Ukurasa mzima. Kulikuwa na "huduma jumuishi", "uongozi shirikishi" na "ustawi endelevu", na sentensi ya tatu ilikuwa ndefu kiasi kwamba nilipumua mara mbili katikati. Mlinzi, aliyekuja kuleta chai, alisinzia akiwa amesimama. Mkurugenzi alisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza ni nani atakayekaa na mtu. Nikamjibu hilo liko chini ya utekelezaji. Akasema ahaa.

Hata hivyo sikukata tamaa. Nimeifupisha ikawa maneno matatu, kama yake: HAPA HAKUNA AIBU. Nikamwita mchoraji wa mabango, akayaandika kwenye ukuta wa nje, upande wa barabara, kwa rangi nyekundu, herufi zenye kimo cha mtoto. Chini yake: KITUO CHA AFYA YA AKILI, na mshale mkubwa unaoonyesha geti. Mkurugenzi alikuwa mjini. Aliporudi jioni akasimama barabarani muda mrefu. Nadhani aliguswa.

Jambo moja la ajabu. Leo benchi limekuwa tupu. Mlinzi anasema watu wanafika, wanausoma ukuta, wanatazama nyuma kama kuna jirani anayewaona, wanapita. Wengine wameanza kuingilia nyuma, penye mwanya wa ua karibu na tangi la maji. Kandambili amelibeba benchi yeye mwenyewe hadi kwenye tangi. Hujuma!

Na bodi haikuja. Mwenyekiti wao ana udhuru. Wanakuja Jumanne.

Jumanne!

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa Mama. Nilipeleka matunda, maana mkono mtupu haulambwi. Kaka alikuwa uani akimfulia Mama shuka. Nikamwomba asije Jumanne hii. Mara moja tu. Nikamweleza kuhusu bodi, kiti, dhamira.

Akasema Jumanne hii ndiyo ya sindano.

Nikamwambia wiki moja si kitu. Najua ni kitu. Kandambili huyasema hayo kila kikao hadi nimeyakariri. Lakini uongozi unadai kujitoa.

Akaikamua shuka mpaka tone la mwisho. Akasema sawa, mdogo wangu, ila Mama hatakubali akose, kwa hiyo atapitia nyuma, achomwe haraka, atoke, hakuna atakayemwona. Kisha akauliza, bila kunitazama, kama nikishapata hicho kiti nitaweza siku moja kuja kukaa naye benchini. Dakika chache tu. Wenzake wote hupata wa kukaa nao, na yeye hupata, lakini.

Hakumalizia. Nikasema tutaona. Mama alikuwa mlangoni amesikia yote. Hakunisindikiza.

Jumanne, 11 Machi

Bodi imekuja. Niandike kwa mpangilio.

Nilivaa suti. Niliwapokea chini ya maandishi yangu. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu mwenye miwani mizito, aliyasoma kwa sauti, akasema maneno mazito hayo. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Tukaingia. Mlangoni hakuna mtu. Ukumbini hakuna mtu. Akauliza watu wako wapi.

Kabla sijafungua mdomo, Kandambili akasema wako nyuma, karibuni. Chapa chapa chapa, na bodi nzima ikamfuata. Mimi mwisho, nikiomba Mungu.

Walikuwa wote pale, wamebanana kwenye benchi kando ya tangi. Na mwishoni kabisa, Kaka. Alikuwa bado hajachomwa, walikuwa wengi mbele yake. Aliponiona akasimama. Nilijua sasa ataniita jina langu la utotoni. Nilijua kila kitu kimekwisha.

Akaweka mikono nyuma, akainamisha kichwa, akaniambia: "Shikamoo, mkubwa."

Kaka yangu. Kunipa mimi shikamoo. Tangu nijue kusema mimi ndiye ninayempa yeye.

Nikaitikia marahaba. Lilitoka lenyewe.

Mwenyekiti alitutazama, yeye kisha mimi, masikio kisha masikio. Akauliza kama tunafahamiana. Kaka akajibu haraka kwamba hapana, huyu ni mkubwa wa hapa, yeye anakuja tu. Nami, sijui nilitoa wapi akili ile, nikatamka: "Wagonjwa wetu wote ni ndugu zetu." Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta. Wajumbe wawili wakaiandika. Imeandikwa!

Tulipogeuka kwenda kuona chumba cha dawa nilichungulia nyuma. Kaka alikuwa anatoka kwenye mwanya wa ua, anaenda zake. Bila sindano. Mtu wa kutimiza ahadi.

Nilitaka kumkimbilia. Kweli nilitaka. Nikaona kama nitalia mbele ya bodi. Nikanywa maji, nikawaonyesha friji mpya.

Jumatano, 19 Machi

Jana Kaka hakuja. Mara ya kwanza katika Jumanne zote nimekaa ofisini kwangu, mlango wazi, kama mtu huru. Sikufurahia kama nilivyotarajia.

Mama amepiga simu. Anasema Kaka hali chakula. Amegeukia ukuta siku ya tatu sasa, na usiku anazungumza na watu ambao Mama hawaoni. Amemwuliza kwa nini hataki kwenda kituoni. Amejibu kwamba akienda atamharibia mdogo wake kazi.

Nikamwambia Mama asiwe na wasiwasi, nitashughulikia. Akasema yeye aliwazaa wawili. Akakata simu.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeshughulikia. Kwa ustadi.

Tatizo lilikuwa hili: muuguzi lazima aende, lakini nikimtuma mimi, ataniuliza nimejuaje. Na bodi haijatoa jibu! Kwa hiyo nimekwenda nyuma ya tangi na simu yangu ya mkononi, nikaziba pua, nikapiga simu ya ofisi ili nitoe taarifa kama mwananchi mwema. Ikaita. Ikaita. Ikaita hadi ikakatika. Nikaanza kulaani uzembe wa kituo hiki, ndipo nikakumbuka kwamba anayeipokea ni mimi.

Nikarudi. Nikamwambia mlinzi nina kikao, akae mezani kwangu, simu ikilia apokee. Nikarudi kwenye tangi, nikaziba pua tena. Nikasema kuna mgonjwa mtaani, mlango wa buluu, jirani na fundi cherehani, ni sindano ndiyo aliyoikosa, amelala chumba cha kushoto, na tafadhali wamwambie muuguzi agonge polepole, anashtuka.

Mlinzi akasikiliza yote kwa adabu. Akasema: "Sawa, Afisa, nitamwambia."

Baada ya muda nikamwona Kandambili akitoka getini na mkoba wake, kwa miguu, jua kali, na zile kandambili zake. Hakuniuliza kitu. Amerudi jioni, vumbi hadi magotini. Mlinzi, aliyemwuliza getini, anasema alikaa sakafuni kando ya kitanda, kimya, tangu mchana, mpaka Kaka alipogeuka mwenyewe kutoka ukutani na kumnyooshea mkono achomwe. Mama alimwambia nini humo ndani sijui. Kandambili alipita mbele ya meza yangu, akasimama. Nikajiandaa kwa matusi, nilikuwa na majibu.

Akasema kaka yangu ananisalimu. Akaenda kunawa miguu.

Matusi ningeyaweza.

Jumatatu, 31 Machi

Bodi imemchagua Kandambili.

Kandambili! Mwenyekiti alinivuta pembeni. Akasema ile sentensi yangu kuhusu ndugu ilimkaa moyoni, aliifikiria wiki nzima, na kila alipoifikiria aliona masikio. Sikumwelewa. Wazee wana mafumbo.

Mkurugenzi wa zamani ameaga. Hakutoa hotuba. Alikaa benchini asubuhi nzima, watu wakaja wakakaa naye mmoja mmoja, wengine wakilia. Benchi limerudi mlangoni. Mkurugenzi mpya ameagiza ukuta wa barabarani upakwe chokaa, na maneno yangu yaandikwe upya ndani: kwenye ukuta wa ofisi yangu, mbele ya kiti changu, niyaone kila ninapoinua kichwa. Heshima kubwa. Nadhani anajaribu kunituliza.

Jumanne, 8 Aprili

Kaka amerudi! Amekonda, suruali ameifunga kwa kamba, lakini macho ni yake. Mama alimleta mwenyewe hadi getini. Nilikuwa nakimbilia stoo kwa mazoea, nikakumbuka kwamba sasa kituo kizima kinajua. Mpishi anajua. Fundi bomba anajua. Nikabaki nimesimama ukumbini na funguo zangu, sina pa kwenda.

Akaniona. Hakuniamkia kama bosi. Akaniita jina langu la utotoni, mbele ya watu wote, polepole, kama anajaribu kama bado linafanya kazi. Kisha akasogea, wenzake wakasogea, akapiga ubao wa benchi kwa kiganja, mara mbili. Nafasi yangu. Moyo ulinipasuka. Nakiri ulinipasuka. Nikapiga hatua ya kwanza.

Na hapo hapo wazo likanijia!

Nafasi ya naibu mkurugenzi bado iko wazi. Bodi inapenda nini? Ndugu! Tulikuwa tumekosea mkakati, basi. Kumficha mtu kama huyu, hazina kama hii! Afisa na kaka yake, benchi moja, masikio yale yale, picha yetu ukutani kwenye chumba cha mikutano. Nani atashindana na hilo? Na Jumanne ijayo mwenyekiti anakuja, pamoja na mpiga picha.

Nikamwinamia Kaka sikioni, nikamweleza kwamba nitakaa, bila shaka nitakaa, lakini si leo. Leo ingepotea bure. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema sawa, mdogo wangu, akanitengeneza kola.

Nimemwomba Jumanne avae shati jeupe, na anishikie nafasi.