Mafuta ya Nazi Kwenye Nyaya

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Limewaka! Naandika tena ili nikisoma uzeeni niamini: limewaka! Gari letu jekundu la milango miwili, lililokaa bandani tangu Mzungu niliyemlindia nyumba afunge virago na kuniachia funguo. Leo limenguruma mpaka kuku wa mke wangu Mueni wamehamia kwa jirani.

Sifa nusu ni za Kazungu, fundi wa umeme wa magari hapa njia ya Ganda. Miaka yote hii, ukiwasha taa ya kushoto, waipa za kioo zinacheza. Ukikanyaga breki, honi inalia. Mimi nilishakata shauri kwamba kompyuta imekufa. Kumbe gari halina kompyuta! Kazungu amelala chini, akaibuka na waya mmoja ulioliwa na chumvi, ule unaoshika umeme kwenye bodi. Akausugua kwa msasa, akaufunga tena. Basi. Kila kitu kikarudi kazini kwake. Ameniambia gari ni zima, niendeshe tu, nisiongeze chochote. Nimeitikia.

Ni lazima liende. Binti yangu Hope anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, na katika mambo yote ya harusi ameniomba moja tu: nimpeleke kanisani kwa gari hili. Alipokuwa mdogo tulikuwa tukikaa ndani yake humo bandani, yeye kiti cha abiria, miguu haigusi chini, tunakwenda Nairobi bila kusogea. Akiuliza tumefika wapi, namtajia. Mariakani. Voi. Mtito Andei, hapo tunashuka kunywa chai. Nairobi hatukuwahi kufika. Kila mara Mueni alituita kula tukiwa bado Mlolongo.

Nimemwahidi.

Jumanne, 5 Agosti

Amekuja mzee Dena wa Tezo, baba yake Tevin, kijana anayemwoa Hope. Shughuli ilikuwa mahema. Lakini amekuja na gari lake jipya, na gari hilo linaongea. Kweli linaongea! Limemwambia afunge mkanda, naye mzima na mvi zake akalitii. Aliposhuka hakugusa hata kitasa. Alibonyeza kitu mfukoni, gari likapepesa taa, likajifunga lenyewe.

Halafu akalitazama langu. Akasema ni gari zuri la zamani, na kama siku hiyo litaleta shida, lake lipo. Amesema kwa upole! Upole wenyewe ndio ulioniuma, maana mtu akikutukana unajua la kumjibu. Nikasema hata langu linajifunga lenyewe. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Mueni alikuwa anamimina chai, mkono wake ukasimama.

Sasa litajifunga. Sina njia.

Alhamisi, 7 Agosti

Kazungu hayupo. Amekwenda Bamba matangani, kwa mjomba wake, na simu haipatikani. Afadhali. Angenikataza.

Boksi langu limefika na basi kutoka Mombasa. Ndani mna vioo vya umeme, na kengele ya wizi ambayo unaitilia laini ya simu. Mtu akigusa gari, gari linanipigia! Halafu linafunga milango na kuzima injini. Maelezo yote ni ya Kichina, ila kuna picha, na mtu wa kwenye picha anatabasamu toka mwanzo hadi mwisho. Nimemfuata yeye.

Nimeng'oa vile vishikio vya kuzungushia vioo, nikampa muuza vyuma chakavu. Nimekata na vile vitufe vya kufungulia mlango kwa ndani, kwa sababu gari la Dena halina. Namba ya laini hiyo ya gari nimeihifadhi kwenye simu kwa jina la Nyekundu.

Mueni ameuliza kwa nini naongeza vitu kwenye kitu kinachofanya kazi. Nikamwambia usalama. Akauliza ni mwizi gani huyo aliyelisubiri tangu Hope yuko chekechea. Nilikuwa na bisibisi mdomoni.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo nimefikiri. Kazungu alisema ni chumvi ya bahari iliyokula ule waya. Akasugua, sawa. Lakini chumvi itarudi! Upepo wa kusi unaileta kila siku. Fundi ameponya jeraha, hajazuia ugonjwa.

Mafuta ya nazi! Mueni anapaka nywele mwaka wa ishirini sasa na hazijawahi kuliwa na chumvi. Nimechukua chupa yake, nikapaka kila kiungo cha waya, vipya na vya zamani, nyuma ya dashibodi mpaka kwenye betri. Nikapaka mara ya pili. Banda zima linanukia wali.

Nashangaa hakuna aliyewahi kufikiria jambo hili.

Jumatatu, 11 Agosti

Aibu. Kamati ya harusi imekutana kwetu kanisani, simu yangu nimeiweka mezani kwa heshima. Ikalia. Nikaizima. Ikalia tena. Phoebe, mwenyekiti wetu, mtu wa kunyoosha mambo, akainama akasoma kwa sauti kwamba Nyekundu ananitafuta. Mzee Dena akatazama dari. Ikalia tena. Phoebe akasema labda Nyekundu ana dharura. Mueni anajua Nyekundu ni nani, lakini hakufungua mdomo hata kidogo kunisaidia. Alikuwa anajikaza asicheke, nilimwona mabega.

Nimekimbia hadi nyumbani. Gari linapiga kelele, mtu hakuna. Nikafungua boneti. Panya! Amekaa juu ya betri, ananawa uso.

Nyaya mbili tatu zimetafunwa. Lakini tusimame tutazame jambo hili kwa haki: kengele imefanya kazi. Mwizi amekuja, kengele imeniita, mwizi nimemkuta. Dena gari lake linaweza kukamata panya? Nimefunga nyaya kwa utepe, na kwa kuwa zilikuwa na majeraha, nimezipaka mafuta mengine.

Jumatano, 13 Agosti

Hope amekuja kutoka Kilifi, anakofundisha. Kabla hata ya kumwamkia mama yake vizuri alikwenda bandani akaketi kiti chake kilekile. Miguu sasa inafika chini, inapita. Nikaketi upande wangu. Nikamwonyesha kitufe cha kioo. Akabonyeza, kioo kikashuka, kikapanda, kikasita kidogo, kikamaliza. Akasema ni kizuri.

Lakini mkono wake niliuona. Ulikwenda kwanza pale kilipokuwa kishikio, ukapapasa, ukarudi mapajani. Ndipo nikakumbuka. Tukifika Mtito Andei, yeye ndiye aliyekuwa akizungusha kioo na kununua machungwa kwa wachuuzi ambao hawakuwepo. Alikuwa akibishana nao bei kwa ukali kabisa, kisha ananimenyea moja.

Nimekwenda kwa muuza vyuma chakavu mbio. Vishikio vimeshauzwa Mombasa na mzigo mzima. Nimerudi kwa miguu polepole. Nimeona uchungu ambao sikuutarajia kwa kipande cha chuma.

Mueni amenikuta nimekaa juu ya ndoo. Ameniambia mimi sitengenezi gari, namchelewesha mtoto. Nikakana. Nikasema gari ni gari na mtoto ni mtoto. Akaniletea chai, akaenda zake.

Naandika hapa tu, pasipo mtu: naiogopa Jumamosi. Hope akishuka kwenye gari hili mlangoni mwa kanisa, safari yetu imekwisha, na mimi nitarudi nyumbani na kiti kitupu pembeni.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimejaribu kila kitu. Linawaka, linafunga, linafungua. Nimeliosha mara mbili. Hope amefunga utepe mweupe. Utepe uliobaki sijauona, sijui umekwenda wapi.

Dena amepiga simu. Amesema tena, kwa upole uleule, kwamba lake lipo. Nikamwambia aliegeshe nyuma, lisiharibu picha.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika viatu vikiwa bado miguuni. Nataka niandike yote yalivyokuwa.

Hope ametoka amevaa. Sina maneno, na si kawaida yangu kukosa maneno. Nikamfungulia mlango, nikaketi nyuma ya usukani, nikawasha. Likawaka! Wanawake wakapiga vigelegele. Tukatoka bandani, tukafika karibu na geti, mzee Dena amesimama pale anashuhudia kwa macho yake. Nikabonyeza rimoti ya kengele kidogo tu, lijifunge lenyewe, aone.

Tii! Milango ikafunga. Injini ikazima. Honi ikaanza kulia na haikunyamaza tena. Mfukoni simu nayo inalia: Nyekundu. Gari linanipigia kuniarifu kwamba ndani mna mtu!

Nikabonyeza kufungua. Wapi. Nikabonyeza vioo. Wapi. Nikatafuta vitufe vya mlango nilivyovikata kwa mkono wangu. Nikavuta, nikasukuma, nikapiga teke. Nje watu wamejaa, midomo inatembea, sauti hatusikii. Jua limeanza kuingia upande wa Hope. Kanisani watu wameshaketi. Ahadi moja tu aliyoniomba, na nimemfungia ndani yake. Niliweka kichwa kwenye usukani.

Hope akanigusa bega. Akaniuliza tumefika wapi.

Sikuelewa. Akauliza tena: baba, tumefika wapi?

Nikamwambia Mariakani. Akasema mbona kuna foleni kubwa hivi. Nikasema ni mizani, malori yanapimwa. Akakaa vizuri, akakunja gauni lake. Tukapita Voi. Nilimtajia kila mji, hata ile midogo. Tulipofika Mtito Andei akakigeukia kioo kilichofungwa, akabishana na mchuuzi, akanipa chungwa la hewa. Nikalipokea kwa mikono miwili. Tukacheka, halafu tukalia, halafu akasema nikimlilisha zaidi poda itaondoka na Phoebe ataniua.

Muda wote huo mzee Dena alikuwa amesimama kwenye jua kali upande wa Hope, ameshika mwavuli juu ya kioo kumzuilia jua. Suti imemlowa jasho. Hakubadilisha mkono. Nilimtazama mtu huyu nikitafuta mahali pa kumchukia, sikupata.

Tulikuwa Emali Kazungu alipofika, ametoka Bamba moja kwa moja kwa ajili ya harusi. Akalala chini na suti yake. Honi ikanyamaza, milango ikaachia. Akachungulia nyuma ya dashibodi, akatoa utepe mweupe wote uliopotea, umekunjwa kiota, na panya wadogo ndani. Akanusa vidole vyake. Akauliza ni nani anayepikia humu.

Tumekwenda kwa gari la Dena. Lilisema nifunge mkanda. Nikafunga. Dena mwenyewe hakulitaja langu njia nzima, na alinipa mimi mkono wa Hope nimshushe. Tevin alikuwa mlangoni. Akaniamkia shikamoo. Nikasema marahaba, nikamkabidhi.

Nairobi hatukufika. Ila leo tulikwenda mbali kidogo.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimejifunza. Naandika mbele ya dhamiri yangu: kitu kizima kisiguswe. Kazungu ameondoa takataka zote, ameosha nyaya kwa petroli, amesugua waya wake uleule. Limewaka. Vishikio vya kioo ametafuta vya gari jingine, havifanani, lakini vinazunguka. Hope amezungusha kimoja juu na chini bila sababu.

Gari nimewapa. Zawadi ya harusi. Wameondoka nalo kwenda Kilifi, utepe unapepea, na mimi nimebaki getini mpaka Mueni akanishika mkono.

Jambo moja dogo. Kile kisanduku cha kupiga simu nimemwomba Kazungu akirudishe, kwa siri, chini ya kiti. Hakizidi ukubwa wa pakiti ya majani ya chai. Amenitazama kwa muda mrefu. Nimemwambia ni usalama.

Jumapili, 24 Agosti

Nyumba ina ukimya mbaya. Banda nalo ni tupu, kuku wamerudi.

Jina la Nyekundu nimelibadilisha. Sasa nina Hope wawili kwenye simu. Wa kwanza hulia kila asubuhi nikiwa nakunywa chai, mara moja, mlango unapofunguliwa. Sipokei. Najua tu kwamba ameamka salama na anakwenda kwenye shughuli zake. Mueni anadhani ni watu wa matangazo.

Leo, Jumapili, Hope wa kwanza amelia mara sita kabla ya ibada. Halafu akapiga Hope wa pili. Amesema honi inalia yenyewe na gari limegoma. Ameuliza, taratibu kabisa, kama kuna kitu nimekisahau ndani. Amesema kuna fundi jirani, Tevin anaweza kumwita.

Nikamwambia asiliguse mtu. Nyaya hizo nazijua mimi. Nakuja mwenyewe, leo hii, na nikikuta kazi kubwa nitalala.

Halafu akasema atanunua machungwa.

Nimefunga begi: bisibisi, utepe, shati la kubadilisha, chupa ya mafuta ya nazi. Mueni amesimama mlangoni, naye amevaa kanga ya safari, ameitazama chupa. Ameuliza ya nini tena. Nimemwambia Kilifi chumvi ni kali kuliko hapa.